Mafungu Sawasawa

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile ya Kirumba lilikuwa chungwa.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi Novemba 1961. Muhidin alirudi kutoka msikitini, akakaa mkekani, akalimenya chungwa kwa kisu kidogo hata ganda likashuka zima bila kukatika, kama alivyopenda binti yake Mwanvua, mtoto wa miaka sita. Kisha akahesabu vipande. Vilikuwa kumi na viwili. Akaweka vitatu kwenye sahani ya Mwanvua, vitatu kwenye sahani ya shangazi yake Bi Mwaija, vitatu kwenye sahani yake mwenyewe, na vitatu kwenye sahani ya bluu iliyokaa upande wa dirisha, ambayo tangu Julai haikuwa na mlaji.

Bi Mwaija aliitazama sahani ile, kisha akatazama pembeni. Alikwisha kusema mara tatu kwamba marehemu haandaliwi chakula, kwamba nguo za mkewe Moza zilipaswa kutolewa sadaka siku ya arobaini, na kwamba mtu aliyesoma Makerere na kufundisha hesabu watoto wa watu hakuhitaji kuelezwa ya namna hiyo na mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake. Siku hiyo alinawa mikono tu. Walikula. Vipande vya Moza vilikauka taratibu mpaka alasiri, Muhidin akawatupia kuku.

Walikuwa wamehamia Kirumba mwezi Agosti, kwa sababu nyumba ya Igoma alimofia Moza ilikuwa haikaliki. Hii ilikuwa nyumba kubwa na kodi yake ilikuwa ndogo. Mwenyewe, Mzee Yahaya, aliwakabidhi funguo barabarani bila kuingia ndani. Ilijengwa kwa kuegemezwa kwenye jabali, kama nyumba nyingi za Mwanza, na stoo ya nyuma haikuwa na ukuta wa nne: ukuta wake ulikuwa jabali lenyewe, lenye ufa wa kuingia mkono. Ndani ya ufa mlikuwa na chungu kilichofunikwa kwa ngozi kavu. Toka walipohamia walikuwa wakisikia huko stoo mlio mdogo, tak, tak, tak, kama mchwa katika boriti, usiku na mchana. Waliuzoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani.

Alasiri hiyo Muhidin alibeba sanduku la nguo za Moza kulipeleka stoo, Mwanvua akimfuata. Aliposogeza gunia akaona juu ya ufa namba iliyoandikwa kwa wino mwekundu uliofifia, kwa tarakimu za Kiarabu: milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na saba.

Alisimama akiitazama. Kwa miezi minne hesabu ilikuwa kwake kazi ya mshahara tu, lakini hii ilimvuta kabla hajajizuia. Elfu moja na kumi na moja, ukiizidisha kwa yenyewe, ni milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja ishirini na moja. Namba ya ukutani ilipungukiwa na nne tu. Na nne ni mbili mara mbili. Namba inayopungukiwa hivyo hukatika mafungu mara moja: kwenye elfu moja na kumi na moja ondoa mbili, ongeza mbili.

Akatabasamu. Mwanvua alikuwa hajamwona baba yake akitabasamu tangu msibani, akauliza anacheka nini.

"Mtu aliandika namba ngumu hapa," Muhidin akamwambia. "Si ngumu. Ni elfu moja na tisa mara elfu moja na kumi na tatu. Mafungu elfu moja na tisa, sawasawa, hakibaki kitu."

Mlio ukakoma.

Walisimama wote wawili wakisikiliza. Hapakuwa na upepo. Mwanvua akasema, kwa sauti ya chini, "Baba, amekusikia."

Kesho yake saa saba mchana, mji ukiwa umelala kwa joto, Bi Mwaija alikwenda stoo kuchukua mkaa, akarudi bila mkaa. Muhidin akaingia kutazama. Ngozi ya chungu ilikuwa imefunguliwa, na sakafu yote, kutoka mlangoni mpaka jabalini, ilikuwa na mafungu ya ulezi yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka, kila fungu dogo kiasi cha kufunika sarafu ya shilingi. Mle ndani mlinuka jiwe lililolowa na unga wa ulezi uliosagwa sasa hivi.

Alichuchumaa, akahesabu fungu moja. Punje elfu moja na kumi na tatu. Akahesabu jingine, ikawa vilevile. Kisha akahesabu mafungu yenyewe, mstari kwa mstari. Yalikuwa elfu moja na tisa. Hofu ilimjia baada ya kuhesabu. Akatoka kinyumenyume, akafunga mlango kwa kufuli.

Kufuli halikusaidia. Tangu siku hiyo, kila jua lilipofika utosini, kitu fulani ndani ya nyumba kiligawanywa. Wali uliobaki sufuriani ulikutwa umekatwa katikati kwa mstari safi kama wa kamba ya fundi. Njiti za kiberiti zilikutwa zimelala mezani, ishirini huku na ishirini huku. Shanga za Moza, zilizokuwa ndani ya sanduku, ndani ya stoo, nyuma ya kufuli, zilikutwa zimetolewa uzini na kupangwa mistari miwili juu ya kizingiti, na ile moja iliyozidi ilikuwa imepasuliwa nusu kwa nusu, kwa namna ambayo hakuna kisu wala jino lingeweza. Bi Mwaija alifukiza ubani, akasoma dua alizojua, na moshi wa ubani ukasimama katikati ya chumba, ukachanika, nusu ukaenda dirishani na nusu ukaenda stoo.

Mwanvua hakuogopa, na hilo ndilo lililomwogopesha baba yake kuliko yote. Alianza kukaa mchana karibu na mlango wa stoo akiimba kwa sauti ndogo. Alipoulizwa anakaa na nani, alijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee jambo lililo wazi.

"Anatugawa, baba. Wewe na bibi mbele. Mimi na mama nyuma."

Ijumaa ya tarehe ishirini na nne Muhidin aliwahi kutoka shuleni, akiwa hajui kwa nini, na barabara ya kutoka mjini ikawa ndefu na tupu, milango yote imeegeshwa, hata mbwa wamejificha, na alipofika nyumbani akamkuta shangazi yake amelala ukumbini usingizi mzito usio wake, na mkeka wa chakula umekatwa katikati, sahani mbili upande wa barabarani na mbili upande wa jabali, na ile ya bluu ilikuwa upande wa jabali pamoja na ya mtoto, na mlango wa stoo ulikuwa wazi na kufuli likining'inia likiwa bado limefungwa, na ndani, katika ule ufa ambao haukutosha ila mkono, bega la Mwanvua lilikuwa limekwisha ingia, na sikio, na nusu ya uso, na nusu iliyobaki ilikuwa ikimtazama baba yake kwa jicho moja tulivu.

Alimshika kiuno akavuta. Jabali halikumng'ang'ania. Lilimwachia polepole, kama mtu anayeachia kitu akijua atakirudia. Upande wa kushoto wa mtoto ulikuwa baridi kama maji ya ziwa alfajiri, na nywele za upande huo zilinuka ulezi.

Mzee Yahaya, alipofuatwa jioni ile, alizungumza akiwa nyuma ya mlango wake. Hakusema ila jina la mtu na mahali: Chenge, Usagara.

Waliondoka Jumamosi asubuhi kwa lori la pamba lililokuwa likirudi tupu, Mwanvua akiwa mgongoni kwa Bi Mwaija kama mtoto mchanga. Walimkuta Mzee Chenge nje ya nyumba yake akiziba pancha ya baiskeli. Muhidin akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kukwangua mpira.

"Ulezi umegawanyika," akasema.

Kisha akawaeleza. Mfanyabiashara aliyejenga nyumba ile alikuta jabali lina mwenyewe. Jini wa jabali hakukataa nyumba. Alisema tu kwamba ukuta mmoja ni wake, hivyo nyumba ni ya ushirika, na vilivyomo vigawanywe nusu kwa nusu. Mfanyabiashara alikuwa na watoto wanne. Alipobaki na wawili ndipo alipomwita Maalim Seif, na Chenge wakati huo alikuwa kijana, mwanafunzi wa Maalim. Maalim hakumchoma jini wala hakumtukana. Alimsifu kwa uadilifu wake wa kugawa, kisha akamwekea pishi ya ulezi na sharti: aigawe mafungu sawasawa, aanze na mawili, kisha matatu, kisha manne, na kuendelea, na siku asipobakiza hata punje, ndipo arudi kudai fungu lake ndani ya nyumba.

"Maalim alitaka namba tasa," mzee akasema. "Isiyozaa mafungu. Akanipa ile akaniambia niijaribu, kwa mbili, kwa tatu, mpaka elfu moja na kumi na moja, hapo ndipo mwisho. Nilikesha siku nyingi. Nilipofika elfu, shamba langu la pamba lilikuwa limemezwa na magugu. Nikamwambia Maalim, ni tasa. Moyoni nikasema, nani atafika elfu?"

"Jini angefika," Bi Mwaija akasema.

"Ndiyo, mama. Jini hana palizi."

Muhidin aliuliza ilikuwa lini, akaambiwa katikati ya masika ya mwaka wa ishirini na tisa. Akapiga hesabu kimyakimya. Mlio aliouzoea ulikuwa punje moja kwa sekunde moja. Siku kumi na mbili kasorobo kwa kila mgawo, na migawo elfu moja na minane kufika elfu moja na tisa: miaka thelathini na miwili na miezi minane hivi. Jini angefika kwa mikono yake mwanzoni mwa Desemba. Alimwambia mzee hivyo, akitumaini kwamba kosa lake lingeonekana dogo.

"Basi ulimpunguzia wiki chache," Chenge akajibu. "Aliyetajiwa jibu hahesabu tena punje kwa punje. Makerere walikufundisha kugawa, hawakukufundisha kunyamaza."

Akaweka mpira chini, akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu."

"Watatu hawakatiki nusu kwa nusu. Angekaa mlangoni akidai hewa. Mnapika sahani ngapi?"

Ni Bi Mwaija aliyejibu, bila ukali, kwamba ni nne.

"Basi huyo wa nne umemhesabu wewe," mzee akasema. "Yeye hakuzidisha mtu. Amegawa alichopewa."

Dawa haikuwa mizizi wala kuku mweusi. Ulezi urudishwe chunguni ukiwa namba tasa ya kweli, na Muhidin aitafute mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye shule. Kisha, kabla jua halijapita utosini, aseme kwa kinywa chake nyumba ina watu wangapi, amrudishie jini sharti lake. Asiongeze punje ya nje, apunguze tu. Na punje atakazotoa zisiliwe, zitupwe ziwani.

Jumapili nzima alikaa na penseli kwenye baraza ya Chenge. Alichagua milioni moja na tatu, kwa sababu namba hiyo inatosha kujaribiwa mpaka elfu: elfu mara elfu ni milioni, na elfu moja na moja mara yenyewe inaipita. Chini ya elfu kuna namba tasa mia moja sitini na nane. Aligawa kwa kila moja, na kila moja ilibakiza kitu. Alirudia yote tangu mwanzo. Safari hii elfu ilitosha. Ilimpasa kutoa punje elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na nne.

Alijua pia asilomwambia shangazi yake. Akitoa punje moja zaidi au moja pungufu, chunguni zitabaki milioni na mbili, au milioni na nne, na zote mbili hukatika katikati. Jini angemaliza kwenye mgawo wa kwanza.

Usiku walirudi Kirumba, na Jumatatu baada ya sala ya alfajiri walikaa kwenye kizingiti cha stoo, Mwanvua amelala nyuma yao amefungwa kwa kanga kiunoni mwa Bi Mwaija. Mafungu yalikuwa bado sakafuni, mistari haijavurugika. Muhidin aliona njia ya mkato, nayo ilikuwa sahihi: mafungu ishirini na moja kama yalivyo, na punje mia nane arobaini na moja juu yake. Aliikataa. Hakutaka kuanza kwa kupokea hesabu ya mwenzake. Alihesabu punje moja moja, na kila mia ilipotimia Bi Mwaija alifunga fundo moja kwenye uzi. Yalitakiwa mafundo mia mbili ishirini na moja, na punje kumi na nne.

Mpaka saa nne hapakuwa na kitu. Kisha ile harufu ya jiwe bichi ikapanda, na karibu na sikio lake la kushoto mtu akaanza kuhesabu pamoja naye.

Ilikuwa sauti ya Moza, si ya maradhi bali ya zamani, ile aliyotumia akishona kofia, akihesabu matundu kwa pumzi huku sindano iko mdomoni, na ilimfuata kwa utii, hamsini na nne, hamsini na tano, ikipumzika alipopumzika, ikikohoa kidogo mahali ambapo Moza angekohoa, hata mkono wake ukawa mwepesi na akaona kwamba angeweza kuhesabu hivi mpaka mwisho wa dunia bila kuchoka, na ni baada ya fundo la mia moja tisini ndipo alipogundua kwamba sauti ilikuwa mbele yake kwa moja, yeye akisema thelathini na moja na yenyewe thelathini na mbili, kwa uhakika ule ule, kwa upendo ule ule, na kwa muda ambao hakuweza kuupima baadaye hakujua ni nani kati yao aliyeruka.

Aliangalia punje iliyokuwa kati ya vidole vyake. Akasema thelathini na moja.

Fundo la mwisho lilifungwa saa sita ikikaribia. Alihesabu kumi na nne. Yaliyobaki wakayakumba chunguni kwa mikono, wakapapasa sakafu, wakapapasa tena. Alipokirudisha chungu ndani ya ufa, sauti haikuhesabu tena. Ilimuuliza, taratibu, mbona anamtoa katika hesabu.

"Mke wangu alikufa tarehe nane Julai," Muhidin akasema. Hakuwa amewahi kuitamka sentensi ile. "Nyumba hii ina watu watatu. Wewe gawa ulezi. Anza na mafungu mawili. Ukibakiza punje, huna fungu kwetu."

Saa yake ya mkono ilionyesha saa sita kamili. Ndani ya jabali kukawa kimya kwa muda wa pumzi moja. Kisha tak. Kisha tak.

Kabla ya magharibi alizitupa ziwani zile punje alizotoa. Jioni hiyo upande wa kushoto wa Mwanvua ulipata joto. Akadai uji.

Lakini Muhidin alikuwa na namba nyingine. Mgawo wa kwanza, sekunde milioni moja na tatu kutoka saa sita mchana ya tarehe ishirini na saba Novemba, ungekwisha saa saba na dakika arobaini na sita usiku, kuamkia tarehe tisa Desemba. Usiku wa Uhuru.

Usiku huo aliwatuma shangazi na mtoto uwanjani pamoja na majirani kuona bendera mpya, akasema kichwa kinamuuma. Aliweka kiti mbele ya mlango wa stoo, na taa, na saa. Saa sita usiku alisikia mji mzima ukipaza sauti kwa pamoja, ngoma, honi, filimbi ya meli bandarini. Halafu kelele zikasogea mbali, zikabaki zile punje tu, na kila moja iliyoanguka aliihesabu kwa moyo, na kila alipoihesabu aliisikia tena ile thelathini na mbili iliyosemwa kwa upendo, na alijua kwamba nusu ya mtoto wake ilikuwa imewekwa juu ya punje moja ambayo hakuwa na njia ya kuirudia kuihesabu.

Saa saba na dakika arobaini na sita mlio ukakoma.

Alisikiliza. Taa iliwaka bila kutikisika. Harufu ya jiwe ikaja mpaka puani, ikasimama hapo kama mtu anayesita mlangoni na mzigo mkononi, asijue pa kuutua.

Tak.

Punje moja, peke yake, iliyokosa fungu. Baada yake zikasikika nyingine zikikumbwa pamoja, kwa muda mrefu, kama mvua juu ya majani, na mlio ukaanza upya, tak, tak, tak, kwa mafungu matatu. Muhidin aliandika saa kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akazima taa.

Asubuhi, wakati watu wengine bado wamelala kwa uchovu wa sherehe, alitoa sanduku la Moza stoo. Akalibeba kichwani mwenyewe mpaka kwa wanawake wanaoanika dagaa ufukweni, akagawa nguo zote, kanga kwa kanga, mpaka sanduku likawa tupu. Sahani ya bluu aliitoa mwisho. Aliyeipokea alimwombea marehemu, Muhidin akaitikia amina.

Njiani alinunua chungwa. Alilimenya mkekani, ganda likashuka zima, akahesabu vipande. Vilikuwa kumi na kimoja. Akaweka vitatu kwa shangazi, vitatu kwa Mwanvua, vitatu kwake.

Mwanvua alivitazama viwili vilivyobaki juu ya ganda.

"Hivi vya nani, baba?"

"Si vya mtu," Muhidin akasema. "Vimebaki."

Akaviacha pale pale, bila sahani, akala vyake.